Mlio wa Mashine ya Shangazi Verla

Missoula, 14 Juni

Shangazi Verla,

Tak. Ndivyo ilivyokuwa ikilia mashine yako ya kujazia risasi, kila ulipokizungusha kichwa chake na kikakaa mahali pake. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayefunga kifuniko cha saa ya mfukoni. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza kule ghalani, pamoja na mbwa, nikichambua maganda matupu, na juu yangu nausikia mkono wa mashine ukishuka, ukipanda, kisha tak. Jana nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi, mtu wa chumba cha juu akafunga kabati lake, na mlio ukawa uleule. Nikaweka kalamu chini. Leo nimeamka nao, ndiyo maana nakuandikia.

Shikamoo, Shangazi. Samahani kwa kuanza na mashine kabla ya salamu, Baba angenikemea. Mimi mzima. Tasnifu yangu ya falsafa inatambaa. Mama amehamia kwa dada yake kule Spokane, na anasema huko usingizi unakuja. Kaburi la Baba limeota nyasi vizuri. Nimekupigia simu mara kadhaa lakini inaita tu.

Sasa lililonileta. Baba aliniachia bunduki yake, ile ya kipimo cha zamani. Nilikwenda dukani kutafuta risasi zake, kijana wa pale akacheka: “Dada, hiyo ni bunduki ya babu. Risasi zake ukazitafute makumbusho.” Kwa hiyo nikitaka kupiga nayo, lazima nijaze mwenyewe. Na ninataka. Oktoba ninataka nipande kile kilima chako alichokuwa akipanda Baba, nipate kulungu mmoja wa kuweka kwenye friza.

Mashine yake ninayo, iko kwenye sanduku la tufaha chini ya kitanda changu, tangu alipoing'oa kwenye meza yako tulipohamia mjini. Lakini ninayoikumbuka ni yako. Niambie: ipi ni bora, na kwa nini? Inakuwaje watu wawili waliozaliwa tumbo moja, wakatumia meza moja, wasikubaliane maisha yao yote juu ya mashine? Na kama yako huitumii tena, unaweza kunipa?

Mwanao,
Signe


Winnett, 2 Julai

Signe mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta kwenye kukata nyasi za ng'ombe. Mvua ilikuja wakati wake mara hii, namshukuru Mungu, ndama wamenona. Simu usihangaike nayo, waya una matatizo tangu theluji ya Machi. Andika tu. Barua naisoma mara mbili, na hakuna anayenikata kauli.

Wiki iliyopita Lyle Hofferber alinitokea jikoni ghafla, nusura nimpasue kichwa kwa kikaango. Eti alibisha hodi mpaka vifundo vya vidole vikamuuma. Lyle ni mwongo tangu tulipokuwa darasa la pili. Tuna mchungaji mpya, kijana mzuri, ila anamung'unya maneno kama ana uji mdomoni. Nimehamia benchi la mbele na bado simwelewi. Tucker naye amezeeka, maskini. Hata gari likiingia uani habweki tena.

Bado unasoma vitabu vya Wajerumani waliokufa? Wamekwisha kukuambia ukweli, au bado wanazunguka?

Kuhusu mashine. Tumia ya baba yako.

Ile ina tundu moja tu la kalibu, kile chuma kinacholibana ganda. Unafunga kalibu ya kwanza, unalinyoosha kila ganda, mpaka yaishe yote. Unafungua, unafunga nyingine, unarudia. Yangu ina kalibu zote pamoja kwenye kichwa cha duara. Ganda linakaa palepale, wewe unazungusha kichwa na kuvuta mkono: kulinyoosha, kutia fataki ya kuwashia baruti, kumimina baruti yenyewe, kukaza kichwa cha risasi, basi, unaitoa imekamilika. Baba yako alipomaliza ishirini mimi nilikuwa nimemaliza mia na nimekunywa kahawa. Nilikuwa namwita Konokono. Naye akiniita Treni ya Mizigo.

Lakini wewe tumia yake. Yangu siigawi. Usiniulize kwa nini, wewe na kwa nini zako.

Kula nyama. Picha uliyotuma imekukondesha.

Shangazi yako,
Verla


Missoula, 11 Julai

Shangazi mpendwa,

Natumaini nyasi zimeingia ghalani kabla ya mawe ya mvua. Nimesoma gazetini kuwa yalipiga upande wenu. Huku joto. Wanafunzi wa kiangazi wanalala darasani macho wazi. Nyama ninakula.

Umenikataza kuuliza kwa nini, kwa hiyo nimemuuliza mtu mwingine. Nilirudi kwa yule kijana wa dukani. Jina lake Brecken, ana ndevu nyingi na uvumilivu mwingi. Alinisimamisha mbele ya mashine zote mbili. “Hii ya tundu moja,” akasema, “ni ya wazee wanaopenda kuongea na mashine zao. Wewe kijana, unataka kasi.” Nikamuuliza, kasi ya kwenda wapi, mimi nataka kulungu mmoja? Akajikuna ndevu. “Basi, chukua ile ambayo mlio wake unaupenda.” Alitania tu, lakini nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani.

Nimeitoa ya Baba sandukuni, nikaifuta kutu, nikaifunga kwenye meza ya jikoni kwa boliti. Mwenye nyumba asijue. Kwanza sikuelewa, halafu nikaelewa: mashine ya Baba inamaliza kazi, yako inamaliza risasi. Kwenye yake, kazi moja inafika mwisho kwa maganda yote kabla nyingine haijaanza, kwa hiyo ukiondoka kujibu mlango na kurudi, ukitazama tu unajua uko wapi. Kwenye yako, kila risasi ni safari nzima, na katikati ya safari hakuna kinachoonekana. Baruti inaingia ndani ya ganda likiwa limebanwa chini ya kalibu. Wewe ulikuwa unajuaje uko kituo gani?

Kisha nikakumbuka. Ulikuwa unaniambia: “Usitazame, sikiliza. Mkono unavuta, sikio linahesabu.” Na Baba kutoka upande wake wa meza: “Macho, Verla! Macho!” Ukamjibu: “Wewe tazama, Konokono, mimi nimemaliza.”

Ulikuwa hutaki hata kusikia habari ya mashine yake. Sasa unaniamuru niitumie, na yako huitoi. Nimekaa na jambo hili siku nyingi kuliko ninavyokaa na wale Wajerumani. Nini kimebadilika, Shangazi?

Signe


Winnett, 3 Agosti

Signe,

Hatujambo. Mawe ya mvua yalipita kwa jirani, yakanikosa kwa ua mmoja. Tumefanya karamu ya kanisa, nimepika viazi na nyama ya kuoka, bakuli limerudi tupu, kwa hiyo mume wa yule mama wa kwaya akome kusema napunguza chumvi. Nadhani ndivyo alivyosema.

Kilichobadilika ni kwamba wewe una haraka ya kujua kila kitu. Viungo vya vidole vinaniuma, na fataki zimekuwa adimu madukani, na meza ya ghalani imejaa vumbi. Chagua mojawapo.

Ila sitaki mtoto wa ndugu yangu Orrin ajilipue jikoni akiwa na kitabu mkono wa pili. Nimekujazia risasi ishirini za bunduki ya baba yako, zimo humu kwenye kiboksi, anakuletea mpwa wa Lyle anayekuja huko kununua trekta. Vumbi nililifuta. Ilikuwa raha kuishika tena mashine, sitakudanganya. Kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikajaza na kopo zima la zile ndogo za bastola.

Bastola lazima iwe tayari mwaka huu. Juzi nusura nikanyage nyoka pale kisimani, yule wa njuga mkiani. Alikuwa amejikunja karibu na buti langu, hatua moja tu. Nikampiga. Lyle alikuwa getini ndani ya pikapu yake, akatoka mbio anapunga mikono kama kinu cha upepo. Sijui alikuwa anasema nini. Nyoka wa siku hizi hawatikisi njuga zao tena. Watu wanasema ni kwa sababu wanaotikisa wote wameshauawa, wamebaki wale wa kimya. Naamini.

Piga vizuri. Pumua nusu, shika, halafu vuta.

Verla


Missoula, 16 Agosti

Shangazi mpendwa,

Kiboksi kimefika salama, na kipande cha jibini ulichokitia humo mpwa wa Lyle alikila njiani akaomba radhi. Asante. Niliziweka risasi zako mezani kwenye mwanga wa dirisha, nikazitazama kwa muda. Zinang'aa. Hakuna dukani atakayekaza kichwa cha risasi vizuri hivyo.

Unakumbuka Baba, kabla ya kutia risasi mfukoni, alivyokuwa akiitikisa sikioni? Nimefanya hivyohivyo, moja baada ya nyingine. Baruti inachakarika ndani, kama mchanga ndani ya karatasi. Moja ilikuwa kimya.

Nikajiambia labda imejaa mno, iliyoshindiliwa haichakariki. Nikaipima kwenye mizani. Ilikuwa nyepesi kuliko wenzake wote, na si kwa kidogo. Nikaing'oa kichwa. Ndani mlikuwa na fataki chini na hewa juu yake, hakuna hata punje ya baruti.

Wewe ndiwe uliyenifundisha maana yake, lakini acha niiandike. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi mpaka katikati ya mtutu, hapo kinakwama. Anayepiga anasikia kishindo kidogo, anadhani risasi ni mbovu, anatia ya pili. Ya pili inakikuta kile kilichokwama, na bunduki inapasuka usoni mwake.

Lakini ile tupu siyo inayoninyima utulivu. Hiyo nimeipata. Naifikiria mashine. Ukikizungusha kichwa vituo viwili badala ya kimoja, unaruka baruti. Na usipokizungusha, ukavuta tena, unamimina mara mbili. Kwenye ganda la bunduki ya Baba, baruti ya mara ya pili ingefurika mezani, ungeiona. Kwenye lile dogo la bastola yako, inaingia yote na nafasi inabaki. Huwezi kuona kitu, mpaka bastola ikupasukie mkononi. Na kopo zima liko kwako.

Nimeongea na Lyle kwa simu. Anakusalimu sana. Anasema Tucker hajambo, na sauti yake anayo.

Nilimuuliza na habari za yule nyoka. Anasema njuga zake alizisikia akiwa kulekule getini.

Naomba, Shangazi, usizipige zile za bastola mpaka nije. Nipe mimi mashine. Nitakuletea chochote unachotaka badala yake.

Signe


Winnett, 20 Septemba

Signe,

Ng'ombe wameshuka kutoka malisho ya juu. Jani la kwanza la njano limeanguka. Kiu ya mashamba imepungua.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Nimeisoma barua yako. Ganda moja. Baba yako naye aliwahi kukaza risasi bila fataki, akaenda nayo mlimani, kulungu akamtazama mpaka akachoka akaondoka zake. Hakuna aliyemwandikia kurasa mbili. Nilikuwa nimechoka siku ile, na kulikuwa na kelele.

Lyle ana mdomo mpana.

Bastola nimeitundika. Nyoka wanakwenda kulala, hadi Mei sina shida nao. Hilo nimelifanya kwa hiari yangu, siyo kwa sababu msomi ameniambia.

Mashine inabaki mahali pake. Nilikuwa najaza risasi kwa mashine ile kabla baba yako hajamwona mama yako. Ikitoka pale meza itabaki uchi na mimi nitakuwa bibi kizee wa kusubiri wapwa waniletee nyama. Usiniombe tena.

Njoo Oktoba. Kitanda chako kipo, lefse nitapika, zile chapati za viazi unazozipenda, siagi na sukari vipo. Mizani uiache huko.

Verla

Umeandika Juni kwamba ule mlio ni kama kifuniko cha saa. Hebu niandikie tena unavyolia. Kwa maneno mengi zaidi.


Ghalani kwako, Jumapili, 27 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Ulipoondoka kwenda kanisani nilikuwa bado nimevaa soksi, ukadhani nitarudi kulala. Lefse nimekula nne, ulizohesabu mbili. Kahawa iko moto kwenye chupa. Tucker yuko hapa miguuni mwangu, chini ya meza, mahali pangu pa zamani. Gari la Lyle lilipokuja kukuchukua alibweka mpaka nikaziba masikio.

Kulungu anakaukia vizuri kwenye boriti. Nimemgeuza. Jana hukuniuliza nilimpiga kwa risasi gani, ukamshika tu pembe ukasema, “Huyu amekula shayiri yangu mwaka mzima, alikuwa na deni.” Nilimpiga kwa niliyoijaza jikoni kwangu, kwa mashine ya Baba, taratibu, kama konokono. Zako kumi na tisa nilizing'oa zote. Zote zilikuwa sawa. Nataka ujue hilo.

Nimekuwa na maswali mengi mwaka huu, na nimegundua nimekuwa nikiuliza swali silo. Nilikuwa nauliza mashine ipi ni bora, kana kwamba mashine inakaa peke yake duniani. Kijana wa dukani naye alidhani ni suala la kasi. Baba alidhani yake ndiyo ya akili. Wewe ulidhani yako ndiyo ya mikono hodari, na kwa miaka mingi ulikuwa sahihi, kwa sababu mashine ile ilikuwa nusu tu; nusu ya pili ulikuwa nayo wewe.

Kwenye meza yako, upande wa dirisha, matundu ya boliti ya mashine ya Baba yalikuwa bado yapo. Ulikuwa umeyafunika kwa kopo la misumari. Hukuyaziba. Nilikuja nayo kwenye buti la gari, ndani ya sanduku lake la tufaha, chini ya koti. Nimeifunga asubuhi hii. Boliti zimeingia kama zilikuwa zinasubiri. Kalibu zako zote nimezitoa kwenye kichwa cha duara, zinaingia kwenye tundu lake bila tatizo, nimezipanga kwenye rafu kwa mpangilio wa kazi.

Pembeni nimeweka kile kibao cha Baba chenye vitundu. Unaijua sheria yake, ulikuwa unaicheka: ganda lisilo na baruti linasimama mdomo chini, lenye baruti linasimama mdomo juu, na hakuna kichwa cha risasi kinachokazwa mpaka umemulika tochi midomoni, safu kwa safu, uone baruti imefika kimo kimoja. Tochi nimeitundika kwa kamba juu ya kibao, usiitafute. Nimejaribu kuvuta mkono wa mashine. Haitoi mlio wowote wenye maana. Kila inachotaka kukuambia kinasimama mbele ya macho yako, na macho yako, Shangazi, jana uliyaonyesha ulipomwona kulungu kutoka barazani, mahali ambapo mimi niliona kichaka tu.

Meza haiko uchi. Na nyama utapiga mwenyewe. Mwaka ujao nataka tupande wote wawili.

Kopo la risasi za bastola nalo nimelimaliza. Nimeng'oa moja moja. Nilichokikuta sitakiandika. Baruti nimeinyunyiza kwenye waridi zako, kidogo kidogo, iwe mbolea, kama alivyokuwa akifanya Baba. Maganda ni mazima, nimeyasimamisha kwenye kibao, mdomo chini, yanakusubiri.

Uliniuliza unavyolia. Kabla sijazifungua boliti zake nimekizungusha kichwa polepole, mara nyingi, sikio langu likiwa karibu na chuma. Kwanza kuna ukimya wa mafuta. Halafu kitu kidogo ndani kinapanda mlima wake, unakisikia kinavyojikaza. Kikifika juu kinasita, na hapo pumzi yako nayo inasita. Kisha kinaanguka kwenye shimo lake, tak, kikavu, kifupi, bila mwangwi, na kidole kilicho kwenye chuma kinakisikia sawasawa na sikio. Kifuniko cha saa ni mfano mzuri, lakini nimepata bora zaidi: ni kama ulimi wako ulipokuwa unaugonga kwenye kaakaa kumwita farasi, naye akaja.

Uliniambia nisiombe tena. Sijaomba. Mashine yako iko kwenye gari langu, kwenye kiti cha mbele, nimeifunga mkanda. Nitaitumia, na nitakuandikia inavyolia. Mkisha kuimba wimbo wa mwisho mimi nitakuwa nimepita Lewistown.

Signe